Ngazi Niliyowapa Kuku wa Mama Kevine

Nitawasimulia, lakini msinicheke kabla sijamaliza, maana Buyenzi nzima, mtaa ule wa mafundi wa magari, wameshanicheka vya kutosha na mpaka leo nikipita kule kutafuta hata nati moja lazima kuna mtu ainame, ashike magoti yake na kuniuliza kama leo napakia abiria. Aibu ninayo, na sina pa kuiweka, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe kuliko kuisikia kwa watu wengine ambao wanaongeza chumvi (ati nilipiga kelele, mimi sikupiga kelele, nilikohoa).

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimewafundisha watoto wa watu milima yote ya nchi hii na mito yake, na mwenyewe sijafika hata robo, kwa sababu gari langu dogo lilikuwa likiona tope linazima lenyewe kabla hata halijaguswa. Ndipo nikapata ugonjwa. Kila jioni niko na simu naangalia video za Wazungu wanaozunguka dunia kwa malori ya zamani ya jeshi, familia nzima ndani, sufuria zinaning'inia, watoto hawajaoga na wanafurahi, na mimi namwambia mke wangu Nadia, "Unaona watu wanavyoishi?" Nadia anasema "ehe" na kuendelea kuchambua maharage.

Lori lenyewe nililipata Buyenzi kwa fundi Hussein, la kijani, la jeshi la huko Ulaya, magurudumu yote manne yanavuta na kila moja linanifika kifuani, na kabini iko juu kiasi kwamba ukikaa pale unaona ndani ya nyua za watu (nimeona mengi, nayanyamazia). Hussein aliliwasha, moshi ukafunika mtaa, akaniambia, "Mwalimu, iyi gari haiogope kitu. Hata mu maji inapita." Nikauza lile dogo siku hiyohiyo. Mtu akipenda, chongo huita kengeza, na mimi nililipenda lori lile hata kwa moshi wake.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Upande wa abiria, chini ya mlango, palikuwa na ngazi ya chuma yenye vidato vitatu ambayo mwenye lori wa zamani aliifunga kwa boliti. Upande wa dereva hakuna kitu, ni kuparamia tu. Ile ngazi ilikuwa imepinda, gari likienda inagongagonga, na ilifanya lori langu lifanane na la kuzolea takataka. Kwenye video zangu hakuna lori lenye ngazi. Wale watu wanashika mpini, mguu kwenye gurudumu, wanajirusha, wako ndani. Nikamwambia Hussein aitoe. Nadia, aliyekuwa amesimama pembeni na watoto, akauliza swali moja tu.

"Na mama atapandaje?"

"Mama gani?"

"Mama yangu."

"Mama yako hajawahi kupanda hata lile gari la chini," nikasema, "ndio apande hili?"

Akanyamaza. (Ninyi mliooa mnakujua kule kunyamaza.) Ngazi ikatoka, nikampa jirani yetu wa Ruziba tunakoishi, Mama Kevine, akaiegesha kwenye banda lake ili kuku wapandie kulala. Kuku walifurahi sana.

Niwaeleze kidogo kuhusu mama mkwe wangu. Buyenzi wanamwita Hajati, ni mtu wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa tangu enzi za babu zake, na mimi ni mtoto wa karani, niliyekuja na chaki mfukoni kuomba binti yake. Hakunikataa kwa mdomo. Alinikubali tu jinsi watu wanavyokubali mvua. Na kwetu, hata mkipendana, mkwe na mama mkwe ni watu wa kusalimiana kwa mbali, mkono kifuani, macho chini. Hamshikani mikono na hampitani mlangoni, na kama yuko uani nawe unaingia, unakohoa kwanza. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniomba hata maji.

Basi fikirieni nilivyojisikia siku aliponiambia, akiwa upande wake wa baraza na mimi upande wangu, "Baba Aziza, ile gari yako mpya, kwa dada yangu inaweza fika?"

Dada yake, Bi Mwajuma, anaishi juu ya milima ya Rumonge, kwenye kilima ambacho mvua ilikata barabara yake, teksi hazifiki, na mguu wake ulikuwa umemlaza kitandani kwa muda mrefu. Hajati hapandi pikipiki. Kwa hiyo dada wawili walikuwa wanasikia sauti tu kwenye simu, na ile sauti ya juu kule, Nadia aliniambia, ilikuwa inazidi kuwa ndogo. Nikamjibu, "Inafika, mama," na moyo wangu ukavimba, nikaona kwamba lori hili halikuwa ujinga, lilikuwa kazi ya Mungu. Nikalala kwenye foleni ya mazutu, yaani dizeli, mpaka nikapata ya kwenda na kurudi. Nikanunua na suti ya kaki yenye mifuko mingi, kama ya kwenye video, ingawa mpaka leo sijui ile mifuko ya magotini ni ya kuweka nini.

Jumamosi asubuhi nikaingia Buyenzi kumchukua. Ningeweza kuingia taratibu. Lakini lori lina honi ya upepo, na mimi nina kichwa kibovu, nikaipiga kutoka msikitini mpaka mlangoni kwake, na kila aliyekuwa chini ya gari akatoka kuona kinachokuja. Na Buyenzi, jamani, kila mtu ni fundi. Hajati akatoka nje kwa madaha, buibui jipya, mkoba mkononi, marashi yanatangulia, akafika mlangoni mwa lori akainua macho, akaendelea kuyainua. Kati ya kidole chake cha mguu na sakafu ya kabini palikuwa na hewa tupu.

"Inapandiwa wapi?" akauliza.

Nadia aliniangalia. Hakusema kitu, na ningemlipa aseme.

Mafundi wakaanza kusaidia. Wa kwanza alileta matairi mawili ya zamani, akayapanga, Hajati akaweka mguu, matairi yakayumba, akautoa. Wa pili alisema apande nyuma na watoto, pale mizigo inapokaa, na akaangaliwa kwa jicho ambalo lilimrudisha chini ya gari lake. Hussein mwenyewe akaja anaburuta palan, ile mashine ya minyororo wanayonyanyulia injini, akasema kwa heshima kabisa kwamba wataweka godoro.

"Mi siko moteri," Hajati akasema.

Ndipo wakajitokeza wanawake wawili, jirani yake muuza sambusa na shoga yake mmoja mwenye mikono minene, wakasema watamsukuma wao, ni jambo la wanawake. "Lakini mukwe ageuke," muuza sambusa akasema, na mtaa mzima ukaitikia kwamba ndiyo, mukwe ageuke, haifai. Kwa hiyo mimi, mwenye lori, dereva, mwandaaji wa safari, nikageuzwa nikatazama ukuta. Kwa hiyo sehemu hii nawasimulia kwa masikio tu. Nilisikia "bismillahi", nikasikia "sukuma", nikasikia kitambaa kinachanika kidogo, nikasikia mtu anasema mguu mmoja umefika kwenye gurudumu, watu wakashukuru, halafu kimya. Halafu sauti ya chuma kinacholia polepole.

"Kioo kinakuja," mtu akasema.

Baadaye nilielezwa kwamba Hajati alikuwa ameshika mkono wa kioo cha pembeni, mguu mmoja juu ya gurudumu na mwingine hewani, juu hapandi na chini hashuki, wanawake wamemshika lakini nguvu zinawaishia, na kile kioo kinainama naye. Akianguka, safari imekufa, na pengine si safari tu. Mafundi wanaume hakuna anayethubutu kumgusa Hajati. Nilisimama pale napiga hesabu ya maisha yangu kwenye matofali ya watu, na nikamsikia Nadia, kwa sauti ya chini ileile ya kuulizia chumvi.

"Baba Aziza. Rudi nyuma."

Nikamwelewa. (Mke akikunyamazia muda mrefu, neno lake moja linatosha.) Nisingeweza kugeuka, maana buibui lilikuwa limepanda, kwa hiyo nikaanza kwenda kinyumenyume, na mafundi, ambao kazi yao maisha yote ni kuelekeza malori yanayorudi nyuma, wakanielekeza vilevile kwa mikono na kwa sauti.

"Rudi, rudi, rudi. Kata kushoto. Apana, kushoto yako we, mwalimu. Nyoosha. Rudi. Bado. Bado. Aya, simama. Shusha."

Nikashusha. Nikapiga magoti na viganja kwenye udongo wa Buyenzi, ambao nusu ni udongo na nusu ni oili ya miaka yote, na mifuko yote ya magotini ikajaa (sasa nikajua ni ya kuweka nini). Kiatu kikatua mgongoni mwangu. Kisigino kwanza. Hajati si mwanamke mwepesi, na hakuwa na haraka. Aliweka mguu wa pili, akajiweka sawa, akatengeneza mtandio wake, nadhani, kwa muda ule, halafu uzito ukatoka na mlango ukafungwa juu yangu. Mtaa ukapiga makofi. Kuna mtu alipiga honi. Mimi nikakohoa.

Kutoka juu ikaja sauti. "Baba Aziza, tunaenda ao tunabaki?"

Tulikwenda. Mpaka Kibenga watoto nyuma wanacheka chini kwa chini, mimi nanuka oili, na Hajati anaangalia nje kwa dirisha, juu ya kuta za matajiri. Halafu akasema, kama anajisemea, "Kumbe ukuta wote ule, ndani ni majani tu." Nikaona bega lake linatikisika. Sikujua kama ni kucheka ama ni barabara.

Tukafika Ruziba, tukapita kwa Mama Kevine, na kutoka juu kule banda la kuku lilionekana lote.

"Ngazi nzuri ile," Hajati akasema.

Aziza, binti yangu wa kwanza, niliyemlea kwa jasho langu, akaingiza kichwa kwenye kidirisha cha nyuma. "Ni ya gari letu, bibi. Baba aliwapa kuku."

Nilikanyaga breki. Nikasema nitaichukua mara moja, haichukui muda, kamba ninayo, na tayari nilikuwa nimefungua mlango. Hajati aliniangalia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni tangu nimuoe binti yake.

"Wache kuku walale," akasema. "Iko ingine."

Na kweli ilikuwepo nyingine. Ilitumika alipotaka kushuka kununua ndizi, ikatumika alipopanda, ikatumika tena Rumonge kwa ajili ya sala ya adhuhuri, na kila mara alisema bismillahi na kila mara kisigino kilianza. Lori, nalo niliseme vizuri, lilipanda kile kilima bila kulalamika, likapita kwenye korongo ambalo mvua ilikata, na hata Hussein hakuwa amenidanganya.

Bi Mwajuma alikuwa ameegemea mlango, mtu kila upande, alisikia mngurumo akataka kuona. Nikainama bila kuambiwa. Hajati akashuka juu yangu, na nikasikia kicheko chembamba, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na kinamuuma. "Zulekha," dada yake akasema, "huyo ni mukwe wako umemukanyaga?" Mimi bado niko chini, sikuthubutu kuinuka, kwa hiyo nilichoona ni miguu tu: viatu vizuri vya Hajati vinatembea haraka kuliko nilivyowahi kuviona, na mbele yake miguu miwili mitupu, mmoja umevimba. Ikakutana ikasimama. Ilisimama hivyo muda mrefu bila kusogea, kidole kwa kidole, na mimi pale kwenye nyasi machozi yakanitoka, nayasema waziwazi, na magoti hayakuniuma tena.

Jioni, chakula kilipoletwa, Hajati alisema nipewe kwanza mimi. "Mumupe mwanangu," alisema. Nadia aliacha kupakua, akaniangalia.

Tuliporudi nilikwenda kuomba ngazi yangu, Mama Kevine akasema kuku wamezoea. Hussein akanichomelea nyingine, pana, vidato vinne, na mpira juu yake usiteleze. Na nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Nadia kwamba sitatoa hata skrubu kwenye kitu chochote cha nyumba hii kabla sijajibu vizuri swali nililoulizwa.

Mwezi uliofuata tukaenda tena. Hajati akafika mlangoni, akaikagua ngazi mpya kutoka juu mpaka chini, akaigusa kwa ncha ya kiatu, na mafundi wote wakatoka chini ya magari yao kusikiliza.

"Nzuri," akasema. "Iyi ni ya watoto."

Akasimama anangoja. Sikuuliza. Niligeuka, nikaanza kurudi nyuma.