Kuliomba Tarumbeta la Baba

Nikiliomba tarumbeta, baba atajua kwamba hatapona. Nikilichukua akiwa amelala, atajua vilevile, na mimi nitakuwa mwizi. Mawazo hayo yalininyima usingizi wiki nzima. Nina shahada, sina kazi. Kuwaza ndiko kunakojaza siku zangu.

Kiharusi kilimvuta baba mdomo upande mmoja. Kabla ya hapo alikuwa mpiga besi wa bendi ya kanisa letu hapa Kirushya. Besi ni lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani, linalomzunguka mtu kiwiliwili na kufunguka juu ya kichwa chake. Ni mali ya kanisa, ila limelala kwetu tangu nikiwa mdogo. Kila asubuhi tulimwekea tarumbeta mapajani, akabonyeza vitufe kwa mkono uliobaki na nguvu, akapuliza. Pumzi ilitokea pembeni mwa mdomo pamoja na mate. Mama alimfuta kidevu akimwambia kwa Kihangaza kwamba leo amesikia kitu. Hakukuwa na kitu.

Mwalimu wa bendi alinikuta sokoni.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Mzee anaendeleaje?”

“Ana nafuu.”

“Tumshukuru Mungu. Sasa Pasaka hiyo inakuja, na bila besi tunaandamana kama bata waliofukuzwa jikoni. Mwambie atuachie lile tarumbeta.”

“Si umwambie wewe?”

“Mimi? Nimekwenda mara mbili, nikaishia kunywa chai. Msomi ni wewe.”

Jumamosi, mama alipokwenda kukata ndizi, nilikaa kando ya baba.

“Baba, bendi wanaliomba tarumbeta.”

Aliendelea kubonyeza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kulainisha: ni kwa muda tu, ni mpaka Pasaka ipite. Nikayaacha.

“Mdomo hautarudi, baba. Daktari alituambia, mimi na mama.”

Jicho lake la upande uliovutwa huchuruzika machozi siku zote, kwa hiyo nilitazama lile jingine. Nalo lilikuwa limelowa.

“Nani atapiga?” aliuliza kwa shida.

“Kijana wa mzee wa kanisa.”

“Asijaze mashavu.”

Akaufuta mdomo wa kupulizia kwa shati lake, akafuta tena na tena, kisha akanisogezea tarumbeta. Nililivaa begani, maana halibebeki vinginevyo, nikashuka nalo hadi kanisani mchana ule, watu wote wakiniona.