Radhi Iliyofutika Ikwiriri

Miaka ilimpitia Mwanabaraka binti Mashaka bila haraka. Mto ulifurika ukapungua, mpunga wa Mbwara ukavunwa na mwingine ukazama, na muda wote huo baba yake hakumtaja. Alikuwa ameolewa na mkata mikoko wa visiwani ambaye mzee hakumtaka, naye mzee akatamka mbele ya watu kuwa hana radhi naye. Kwetu neno hilo si dogo.

Alipofiwa na mumewe alirejea, akamkuta baba hajiwezi. Akamwosha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani. Asubuhi moja, wakiwa wawili tu chumbani, mzee akasema, "Mwanangu, nimekuridhia duniani na akhera. Iweke sauti yangu, nduguyo asije akakukana." Akaiweka katika simu, kwa programu ya kurekodi aliyorushiwa na jirani yake, simu kwa simu.

Mzee akafariki. Swalehe, mdogo wake Mwanabaraka akaaye Kibiti, akatangaza kuwa ataisikia sauti hiyo kwa masikio yake katika khitima ya arobaini. Siku zilipokaribia, programu ikagoma kufunguka, ikidai toleo jipya. Mwanabaraka akaipeleka simu Ikwiriri kwa fundi Hemedy.

"Bibi, hii umeitoa wapi?"

"Nilirushiwa."

"Ya kurushiwa! Ndiyo maana inazingua. Nakuwekea ya mtandaoni." Akabonyeza, simu ikakataa. "Unaona? Haikai juu ya hiyo. Naitoa kwanza."

"Humo mna sauti ya marehemu baba yangu, mwanangu."

"Bibi nawe! Si ni ileile? Jina lile, picha ile."

Haikuwa ileile. Wasomao hadithi za Mtume wanajua kuwa matini moja yaweza kupokewa kwa sanadi mbili, na kwamba asiyeuliza imepitia kwa nani hupotea. Simu iliuliza, ndiyo maana ilikataa; fundi hakuuliza. Alipoitoa ile ya kwanza, yote iliyoyahifadhi yalitoka nayo. Ya pili ikafunguka vizuri, tupu.

"Pole, bibi," akasema Hemedy, akapokea simu ya mteja mwingine.

Siku ya khitima Swalehe alimngoja dada yake barazani, watu wakingali wanakula.

"Haya, dada. Tumsikilize baba."

"Sauti imefutika kwa fundi."

"Loo! Imengoja arobaini ndipo ifutike? Basi na radhi yako kaidai kwa fundi."

Wakacheka. Mwanabaraka akaendelea kukusanya sahani.

Mimi ndiye niliyeisoma khitima ile. Waliponigeukia nilisema kuwa sikuisikia sauti, na mtu hashuhudii asilolisikia. Ndiyo sheria, nayo nadhani ilimchoma Mwanabaraka kuliko kicheko. Mpaka leo Swalehe akija kuzuru kaburi hupita mlangoni kwa dada yake bila salamu.

Ewe Mola, Uliyekuwapo chumbani mle, mrehemu Mashaka, umlainishe Swalehe moyo, na umruzuku Mwanabaraka na jamaa zake wote, walio hai na waliotangulia, radhi Zako. Amin.