Kuwatafuta Ami Wawili Maskati

Niliondoka Dubai kwa sababu wadogo zangu, Khalfan na Salma, walikuwa hawana nchi. Baba yetu alifariki Unguja katika machafuko ya mwaka 1964, na mama hakumaliza mwaka baada yake. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha skuli, nikawachukua, tukafika Dubai na karatasi za wakimbizi. Mimi nikashona kanzu, wao wakasoma. Mwishoni mwa 1970 habari zikaenea katika nyumba zote za watu wa Unguja kwamba Omani ina mtawala mpya, naye anawaita watu wake warudi. Lakini tuliambiwa kwamba hatutapewa pasi mpaka watu wawili wa ukoo wetu wasimame pamoja mbele ya liwali na kusema kuwa sisi ni wa kwao.

Waliomjua baba utotoni, kabla hajavuka kwenda Unguja, walikuwa wamebaki wawili, na wote wakiishi upande wa Maskati: Ami Amur, ndugu yake, na Ami Saif, mtoto wa ami yake. Tulijua pia kwamba hawasemezani. Vita vya Imamu na Sultani, waliogombea Omani, vilipofika mjini kwao, chini ya mlima wa Jabali Akhdhar, mji ulizingirwa. Amur alikuwa ndani pamoja na watu wa Imamu, na Saif alikuwa nje pamoja na askari wa Sultani. Vita vilikwisha, wao hawakumaliza.

Wadogo zangu niliwaacha Dubai. Alfajiri mimi na abiria wengine tulitoka mtaa wa Deira katika Landrova, tumebanana juu ya magunia ya mchele. Njia ilipita katika bonde la mawe matupu, na kila gari lilipokwama tulishuka tukasukuma. Abiria walitajiana makabila yao kama watu wanaopeana tumbaku. Nilipotaja langu, mzee mmoja aliniuliza, wa upande wa juu au wa chini? Nilisema natoka Unguja. Akacheka, akasema hao nao watachaguliwa upande wakifika.

Suhar tulilala katika ua wa msikiti. Siku ya pili dereva alingoja maji ya bahari yatoke, kisha akatupitisha juu ya mchanga mbichi wa pwani, bahari kushoto, mitende kulia, mwendo wa raha hata wengine wakasinzia.

Matrah, mji jirani wa Maskati, tulifika alasiri. Ami Amur nilimkuta sokoni, amekaa nyuma ya vikapu vya ndimu kavu. Sikumaliza salamu, akanishika kidevu na kunigeuza uso huku na huku, kisha akatangaza kwa majirani kwamba hiki ni kichwa cha ndugu yake, ila Kiarabu chake kimevunjika mguu. Kwake nililala na kula vizuri. Ushahidi alikubali papo hapo, ila akageuka nilipomtaja Ami Saif.

"Tulikula kokwa za tende, mwanangu," alisema. "Tukizitwanga. Na yeye yuko nje ya ukuta anachoma mbuzi, harufu inatujia. Nenda katafute shahidi mwengine."

Nilimwambia hakuna mwengine. Akasema, kama mtu asiyeahidi kitu, kwamba Saif akifika kwa liwali kwanza, yeye atafikiri.

Asubuhi nilipanda kilima cha njia ya Maskati na kuteremkia mjini. Lango kubwa lilikuwa wazi. Muuza maji aliniambia kwamba hadi juzijuzi likifungwa kila usiku, na anayetembea baada ya hapo alilazimika kubeba taa. Sasa watu walikuwa wakipita chini yake bila hata kulitazama.

Ami Saif alinikaribisha barazani pamoja na wageni wengine. Mkewe, Bi Zeyana, mzaliwa wa Unguja, alikaa nyuma ya pazia. Nikapewa kahawa chungu katika finjani. Niliiweka chini mbele yangu, nikangoja. Mazungumzo yakakatika. Wageni wote waliitazama ile finjani, kisha wakamtazama mwenye nyumba.

"Haja yako nini?" Ami Saif akauliza, na sauti yake ilikuwa nzito.

Sikujua nimefanya nini, lakini haja nilikuwa nayo, nikaitaja: aje kwa liwali asimame na Ami Amur. Uso ukamwiva.

"Amekwambia habari za kokwa, siyo? Hakukwambia kwamba kaka yangu alipigwa risasi kutoka juu ya ukuta ule."

Hapo Bi Zeyana akacheka nyuma ya pazia. "Bwana, mtoto hajui desturi zenu. Huyo anangoja kashata ya kunywea kahawa, kama kwetu Unguja."

Wageni wakaangua kicheko, na hata Ami Saif akalegea. Bi Zeyana akanieleza kwa Kiswahili kwamba kwa Waarabu mgeni anayeweka kahawa bila kuinywa ana ombi, na ni aibu kwa mwenyeji kulikataa. Akaniambia, "Basi kunywa, mwanangu, yaishe."

Nilitazama finjani. Kweli nilikuwa nikingoja kashata.

"Nilikuwa sijui, ami," nikasema. "Sasa nnajua, na sinywi."

Kicheko kikaisha. Ami Saif akaisukuma finjani karibu nami. Kisha akasema, "Kunywa. Nitakwenda. Lakini simsalimu."

Jioni nilimpelekea Ami Amur habari. Kesho yake walikuja kwa liwali, Ami Saif kwanza, Ami Amur baadaye, nami nikakaa katikati yao. Hawakusalimiana. Karani alimuuliza Ami Amur jina la baba yangu, la babu, na la baba wa babu. Akamuuliza Ami Saif, naye akayataja hayo hayo kwa mpangilio ule ule. Karani akataka kujua mimi ni nani kwao. Ami Amur aliinama. Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Ami Saif, bila kumtazama, akajibu yeye:

"Mtoto wa ndugu yetu."

Karani akaandika, akanipa karatasi za kupatia pasi. Nje kila mmoja alishika njia yake.

Nilirudi Dubai kwa njia ile ile. Khalfan alizisoma karatasi kwa sauti mara kadhaa. Salma yeye aliuliza Idi tutakula kwa ami yupi.

Nilikwenda nikidhani kazi yangu ni kuwapatanisha. Sivyo; yaliyowapata ni yao, na mimi sikuwako ndani wala nje ya ule ukuta. Kazi yangu ni kuwa mtu ambaye wote wawili wanaweza kumwita mtoto. Basi nimemwambia Salma kwamba asubuhi ya Idi tutakuwa Matrah, alasiri tutakuwa Maskati, na tukiulizwa wa kule wamesemaje, tutasema wanasalimu.