Sauti Iliyoita Mara Mbili

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, nilisikia naitwa. Saa naijua kwa sababu kisanduku kilichofungwa kwenye usukani wa baiskeli yangu huandika mwendo, mwinuko na mapigo ya moyo, na kwa dakika hiyo kimeandika kwamba moyo wangu ulienda mbio ghafla, ingawa nilikuwa nateremka. Sauti hakiandiki.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Nina miaka hamsini na moja, yeye arobaini na sita. Tulitoka mtaani kwetu, Khuwair ya Kusini, baada ya sala ya alfajiri, tukapita Wattaya wakati maduka ya magari bado yamewasha taa bila mtu ndani, tukapanda mlima, tukateremkia Bustan, kisha tukashika barabara ya vilimani inayokwenda kusini. Tumefanya hivyo kila Ijumaa kwa miaka minne, ila miezi ya joto kali. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Uhispania.

Wazo lilikuwa lake, mpango ulikuwa wangu. Shule niliiacha darasa la tisa, na mengi ninayoyajua nimejifunza peke yangu kutoka vitabuni: kurekebisha gia, kusoma ramani za mwinuko, na Kihispania cha kutosha kuomba maji na chumba cha kulala. Nilipanga safari ya siku nane katika vilima vya kusini mwa nchi ile, bila kugusa barabara kubwa hata moja. Kulikuwa na vijiji vya nyumba nyeupe, ngome zilizobomoka, na mifereji ya maji ambayo kwa maelezo niliyosoma inafanana sana na falaji zetu. Mdogo wangu alipenda kulala kifudifudi sebuleni juu ya ramani na kuyasoma kwa sauti majina ya vijiji vinavyoanza kwa *al* na *ben*.

“Hawa jamaa zetu, Kaka,” alikuwa akisema. “Tukifika hatulipi chai.”

Barabara ya kusini niliichagua mimi kwa sababu miinuko yake ilikaribiana na ile ya Uhispania. Ni vilima vitupu vya mawe ya rangi ya kutu, na kwa kilomita nane hakuna nyumba ya mtu. Kuna kijiji kimoja tu cha zamani, cha mawe na udongo, ambacho wenyewe walikihama kabla familia yetu haijarudi huku kwa mababu zetu wa Kiarabu kutoka Unguja. Paa zimeanguka, milango imeng'olewa, na mnara umebaki nusu. Barabara inapita chini ya kuta zake, inakata kona, halafu inashuka moja kwa moja hadi bondeni. Huko chini kuna msikiti mdogo wenye sabili, lile tangi la maji baridi wanalowekewa wapita njia. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba wa mbele hamsubiri mwenzake njiani, anamsubiri kwenye sabili.

Siku hiyo mimi nilikuwa mbele. Nilipoupita ukuta wa mwisho wa kijiji nikasikia nyuma yangu, “Kaka.”

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni, anayetaka uingie. Kisha tena, kwa kiasi kilekile, “Kaka.”

Sikuitika, wala sikugeuka.

Bibi yetu, aliyetulea Unguja tulipokuwa wadogo, alitufunza kwamba ukiitwa mahali pasipo watu usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Kiumbe anayeita mara mbili akanyamaza si mtu. Alitupima kwa hilo. Alikuwa akijificha nyuma ya banda la kuni na kuita kwa sauti ya kuigiza, na aliyeitika kabla ya mara ya tatu alikosa mkate wa kumimina siku hiyo. Mdogo wangu aliukosa mara nyingi. Mimi sikuukosa hata mara moja, na nilikuwa nikijivunia hilo mbele ya wageni.

Majini yametajwa katika Kitabu, siwezi kuyakanusha. Lakini kwamba yamekaa kwenye magofu yakingoja waendesha baiskeli, hilo sikuwahi kuliamini. Mwili wangu ndio ulioamini. Nikahesabu moja, mbili, nikaingojea ya tatu, haikuja. Nikaachia breki.

Mteremko ulinichukua dakika sita. Kwenye sabili nilijaza chupa yangu, nikakaa kivulini nikamsubiri dakika kumi na nne. Za mwanzo nilikuwa nikitabasamu, nikijiambia amesimama kupiga picha. Za mwisho sikuwa natabasamu. Kupanda kurudi kulinichukua dakika kumi na tisa. Zote pamoja ni dakika thelathini na tisa.

Baiskeli yake ilikuwa imening'inia kwenye ukingo wa chuma, pale konani chini ya kijiji, penye kokoto zilizoletwa na mvua. Yeye alikuwa chini ya ukingo, kifudifudi juu ya mawe, kofia yake ngumu imepasuka. Alikuwa akipumua kwa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu. Nilipiga simu. Nilikaa naye mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na muda wote huo sikugeuza uso kuyatazama magofu.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na mbavu tatu, na ubavu mmoja ulikuwa umegusa pafu. Alasiri walipomtoa kwenye upasuaji nilimkuta muuguzi wa Kikenya anamtengenezea mto.

“Wewe ndio Kaka?” akaniuliza.

“Mimi ndiye.”

“Afadhali umekuja. Huyu ndugu yako amekuita mpaka wodi nzima inakujua. Kaka, Kaka. Mara mbili, halafu ananyamaza. Nikamwambia, si uite ya tatu umalize?”

Alikuwa anatania, na mimi nilijaribu kucheka. Nilitoka nikaenda kunawa uso.

Kwa siku nane nilikwenda kila siku kumtazama, na kwa siku nane nilikaa kimya. Niliyafanyia hesabu yale niliyoyafanya kama ninavyofanya kila jambo. Ningegeuka ningemwona akianguka. Ningekuwa naye ndani ya dakika mbili, si thelathini na tisa. Daktari alisema dakika hizo ndizo zilizolidhuru pafu zaidi. Hakusema kwa kunilaumu, hakujua.

Siku ya Jumamosi daktari alitwambia kwamba baiskeli asifikirie kwa mwaka mzima, pengine asifikirie tena. Malipo ya mwisho ya safari ya Uhispania yalikuwa yanatakiwa kesho yake, Jumapili, kabla ya adhuhuri. Daktari alipoondoka mdogo wangu akasema, “Nenda wewe, Kaka. Akiona mmoja tumeona wote. Utakuja kunihadithia.”

Singeweza kwenda nikiwa na lile jambo kifuani. Niliifunga chupa ya chai niliyomletea, nikavuta kiti.

“Nina neno,” nikasema.

“Kama unataka kununua baiskeli yangu, bei imepanda.”

“Siku ile nilikusikia. Uliniita mara mbili. Sikugeuka.”

Akanigeuzia kichwa kwenye mto. “Kwa ajili ya Bibi?”

“Kwa ajili ya Bibi.”

Akaanza kucheka, halafu akashika mbavu. “Mtu mzima na mvi zako, bado unaogopa kukosa mkate wa kumimina.”

“Nisamehe.”

“Nkusamehe nini? Mie sikukwita.”

“Usinisitiri.”

“Sikusitiri. Nlianguka, pumzi zikakatika, hata *ah* sikusema. Na mie barabarani lini nimekwita Kaka? Mie nakupigia mluzi.”

Hiyo ilikuwa kweli. Tangu utotoni alikuwa akiniita kwa vidole viwili mdomoni, na kwa siku zote nane, pamoja na hesabu zangu zote, sikuwa nimelikumbuka jambo hilo.

“Lakini hapa wodini uliita,” nikasema. “Muuguzi amekusikia.”

Mdogo wangu alikigeuza kikombe cha chai mkononi. Aliponyanyua uso alikuwa hacheki tena.

“Nlikuwa nakariri nlichokisikia,” akasema. “Na mie nlisikia, Kaka. Nyuma yangu, upande wa magofu. Wewe ulikuwa mbele, nnakuona mgongo. Nkajiuliza, nani huyu wa nyuma? Nkageuka.”

“Ukaitika?”

“Nkasema naam. Kufikia hapo gurudumu lishaingia kwenye kokoto.” Akanywa chai. “Basi nimeukosa mkate tena.”

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko lolote nililowahi kuambiwa. Mdogo wangu ni mtu wa hadithi, na ana moyo mwepesi. Inawezekana kabisa aliitunga pale pale, kati ya funda moja la chai na jingine, ili nisibebe dakika thelathini na tisa maisha yangu yote. Inawezekana pia kwamba ilikuwa hivyo hivyo. Sikumuuliza tena. Nikimuuliza na akakiri kwamba ametunga, nitakuwa nimemwacha ndugu yangu juu ya mawe. Akishikilia kwamba ni kweli, basi kuna kitu pale, na kilituita sote wawili.

Jumapili asubuhi niliitandaza ramani ya Uhispania. Siku ya tatu ya safari ilikuwa na kilima kirefu, na juu yake kijiji kilichohamwa zamani. Nilikuwa nimekitia alama nyekundu mwenyewe, kwa sababu mdogo wangu alitaka tupige picha pale. Nikajiona ninapita chini ya kuta zake peke yangu, katika ukimya ule niliouchagua kwa makusudi, bila mtu wa kupiga mluzi nyuma yangu. Nikisikia sauti nitajuaje? Nisipogeuka, pengine ni mtu ameanguka. Nikigeuka, pengine si mtu.

Saa tano na dakika arobaini niliandika barua ya kufuta safari, kwa Kihispania, na nikaisoma mara mbili kabla ya kuituma.

Baiskeli bado ninaendesha, lakini nafika Bustan na kurudi. Mdogo wangu anatembea kwa gongo, na Ijumaa huniuliza kama nimesikia chochote, nami hujibu kwamba nimesikia magari. Kwenye maduka ya Khuwair, mtu akiniita “Kaka” kutoka nyuma, husimama nikangoja. Wengi hawaiti mara ya tatu. Hudhani nimeanza uziwi, wanakwenda zao.

Nyumba za wageni zilirudisha fedha zote. Tiketi za ndege na amana ya baiskeli za kukodi hazikurudi. Hasara yote, kwa watu wawili, ni riali mia nne na kumi na mbili na baisa mia tano.