Ruberwa na Kona ya Zamani

Watu wa mtaa wa Iroquois, kusini mwa Louisville, Marekani, wakitaka kujua barabara ya jimbo inayopita mtaani kwao ilitoka wapi na inaelekea wapi, huelekezwa kwa mzee Ruberwa. Ni bahati mbaya. Kwa maelezo yake, historia ya barabara hiyo inaanza mwaka 2011, yeye alipowasili kutoka Kongo. Kabla ya hapo yalikuwapo magari tu. Njia yenyewe haitaji kwa namba, bali kwa nyumba za Wakongo: unapita kwa Bulonza, unapinda kwa Birindwa, unanyoosha hadi kwa Agata. Kwamba Bulonza alishahamia Buffalo, na Birindwa yuko Columbus, kwake si hoja.

Mwaka 2015 mpwa wake, Mizero, alikwenda kumposa Kirezi, ambaye kwao ni huko vitongojini, mwisho wa barabara. Ruberwa alichaguliwa kuwa msemaji wetu wa upande wa kijana, naye akadai kuongoza msafara pia. Desturi yetu ni kali: wakwe hawasubirishwi, na msemaji akiteleza, posa yenyewe inaweza kukataliwa.

Séphora, dada yake Mizero, alikaa kando ya Ruberwa garini. Alimwonyesha kwenye simu kwamba jimbo lilikwisha kuinyoosha barabara na kuitupa ile kona ya zamani.

"Mujomba, pale kwa Birindwa hapapitike tena."

"Donc hiyo telefone ndiyo inajua Birindwa kunipita?"

Akapinda. Sote tukapinda nyuma yake, maana kumpita msemaji njiani ni kumvunjia heshima. Kona ilikwenda vizuri hadi kwenye ukuta wa zege. Ng'ambo ya ukuta barabara mpya ilikuwa ikivuma. Akina mama, na mishanana yao, mavazi ya sherehe, walishuka majanini kuwaongoza madereva warudi kinyumenyume, huku Ruberwa akilalamika kwamba jimbo lingemuuliza kwanza.

Tulipofika, wakwe walikuwa wamekwisha kula. Ruberwa alisimama akaeleza makosa ya serikali, kuanzia 2011. Mizero alitazama viatu vyake. Kayumba, msemaji wa upande wa binti, alisikiliza kwa adabu ya kutisha.

"Bon. Mutoto tunamutoa," alisema mwishowe. "Mizero ni kijana muzuri. Lakini weye, muzee, usimubebe mu gari yako. Tunataka afike."

Tulipiga makofi kulikubali sharti hilo. Ruberwa peke yake aliomba nafasi ya kujibu.