Walitaka mkongojo wangu tu

Leo nimetolewa kwenye filamu kwa sababu eti sijui kulemaa.

Walikuja kupiga picha kwenye kituo chetu cha kupimia majani chai, hapa karibu na Kebirigo. Walitaka msichana mwenye mkongojo aigize ombaomba.

Nilikubali haraka. Tangu nimalize shule nimetamani kuigiza, hata kama siwaambiagi.

"Tambaa," mwongozaji akasema. "Halafu ulie."

"Mimi huwa sitambai," nikajibu kwa sauti ndogo.

Akawaambia akina mama wenye vikapu wanitazame kwa huruma.

Mama Nyaboke akacheka. "Kwani nimhurumie nini huyu? Jana alinishinda kuchuma kwa kilo tatu!"

Mwongozaji hakucheka. Akamwita msichana mwingine, mzima wa miguu, kisha akaninyooshea mkono.

"Basi mwazime mkongojo wako. Dakika tano tu."

Mnanijua, hata darasani sikuwahi kuinua mkono. Lakini leo nikamuuliza:

"Nikimpa, mimi nitasimamaje?"

Akaniletea kiti.

Nikakitazama. Nikageuka, nikaenda nyumbani, na hakuna aliyeniita.

Mama anasema ningekaa tu, labda wangenipa nafasi nyingine.

Niambieni ukweli. Mngekaa?