Keshokutwa na Kiti cha Kuonja

Kuna watu wanabandikwa jina la utani wakalichukia mpaka wanazeeka. Huyu wetu alilipenda. Ofisi nzima ilimwita Keshokutwa, kuanzia bosi hadi muuza vioo wa pale chini, na hata mkewe akiudhika alimwita hivyo hivyo.

Alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ndogo ya wapima ardhi, ghorofa ya kwanza, vyumba vitatu na korido iliyojaa printa kubwa ya ramani. Kazi ya kompyuta hakuiomba. Siku moja printa iligoma, yeye akaizima akaiwasha, ikakubali, na tangu hapo kila chenye waya kikawa chake. Ndivyo kazi zinavyompata mtu.

Sasa, kompyuta zina tabia moja ya kuudhi. Zinajiletea apdeti zenyewe, yaani programu zinajirekebisha bila kumuuliza mtu, na wewe uliyekaa mbele yake unaambiwa tu usizime. Asubuhi moja kompyuta zote za ofisi ziliamka zimejirekebisha kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyoitambua printa. Mteja amekaa kwenye benchi anasubiri ramani ya kiwanja chake. Bosi anapita koridoni, anarudi, anapita tena. Siku ile ilikuwa ndefu, jamani. Mteja aliondoka mikono mitupu, akisema maneno ambayo mimi siwezi kuyarudia hapa.

Ndipo karani wetu akatunga sheria yake. Apdeti zote zizuiwe, isipokuwa kwenye kompyuta yake pale mapokezi. Hiyo ionje kwanza, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua. Ikigoma, igome peke yake. Ikiamka salama, anachapa ukurasa mmoja, anafungua ramani moja, anafungua programu ya mishahara, halafu anaiangalia siku hiyo na ya pili yake kama anaangalia mgonjwa. Wenzake wakimuuliza, "Na sisi lini?" jibu lilikuwa lile lile: "Keshokutwa."

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mhasibu, mama wa makamo mwenye mto wake wa kukalia na kikombe chake ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Huyu hakutaka apdeti leo wala keshokutwa. Mara moja kitufe cha kuchapa kilihama kutoka kushoto kwenda kulia, akanuna wiki nzima.

"Kaka, nani alilalamika kwamba kiko kushoto?" alimuuliza. "Mimi sikulalamika."

"Dada, wenye programu hawakuulizi. Hata mimi hawaniulizi."

Wakawa wanachokozana hivyo mwaka nenda mwaka rudi, kila mmoja akijua mwenzake hana neno moyoni.

Basi binti yake Keshokutwa, aliyeolewa mbali, akajifungua mtoto wa kike. Mke akafunga mizigo siku ile ile akaenda kumhudumia mzazi. Keshokutwa akabaki na nyumba, sufuria moja, na picha za mjukuu kwenye simu. Alizionyesha hadi kwa wateja. "Itazame hiyo pua," anasema, "si yangu hii?" Mtoto wa siku chache, pua gani, lakini nani amkatalie babu mtu.

Kwenda alitaka, tena alitaka mno. Shida ilikuwa ruhusa. Zamani akiondoka siku mbili tatu alizifunga apdeti zote mpaka arudi. Safari hii alitaka wiki mbili, na njiani kulikuwa na apdeti ya usalama, ile ya kuziba tundu wanalopitia wezi wa mtandaoni. Hiyo huwezi kuiweka kiporo. Bosi akamwambia bila kuficha, "Mzee, ukipata mtu wa kukaa kwenye kiti chako cha kuonja, nenda. Lakini kazi ikisimama hata siku moja, panda basi la kwanza urudi. Usipompata mtu, itabidi tungoje kazi zipungue." Na kazi hazikuwa na dalili yoyote ya kupungua.

Akazunguka kuomba. Mchoraji ramani akasema yeye na mambo ya kuzuia na kuachia haviivi chungu kimoja. Mpimaji akasema kila siku yuko viwanjani na vyombo vyake, atakaa ofisini saa ngapi? Mhasibu hakumuuliza kabisa. Angeanzia wapi?

Jioni, watu wakifunga mikoba, akampigia mkewe pale pale mezani. "Hapana, mama, kazi imenibana. Aa, hakuna neno. Nitamwona tu akishakua kidogo." Akacheka kile kicheko cha mtu asiye na cha kuchekea, akakata simu, akabaki anaitazama skrini. Aliumia, tuseme ukweli. Nyuma yake mhasibu alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba, na siku hiyo alizitafuta kweli kweli.

Asubuhi Keshokutwa alipofika, kiti chake kilikuwa na mto. Kikombe kile kilikuwa juu ya meza yake, na mwenye kikombe amekaa, amekunja mikono kifuani.

"Nifundishe," akasema mhasibu. "Na usinicheke."

"Wewe, dada? Si ulinuna kwa ajili ya kitufe?"

"Na nitanuna tena. Nifundishe." Kisha akasema bila kumtazama, "Mjukuu wangu wa kwanza nilimwona ameshaanza kutembea. Nilikuwa nafunga mahesabu ya mwaka. Nilipofika akajificha nyuma ya mama yake. Mpaka leo ananisalimia kama mgeni, na hilo linaniuma. Haya, cha kuzuia kiko wapi hapa?"

Keshokutwa akavuta kiti cha wateja akakaa kando yake. Akamwonyesha namna ya kuzuia apdeti za wenzake, namna ya kuziachia, na namna ya kuirudisha kompyuta ilivyokuwa jana apdeti ikileta balaa. Kila hatua mama yule aliigombania. "Inaniambia nisizime. Mimi ni mtoto wake?" Lakini alijifunza, na ile siku ya safari alimfukuza ofisini mapema asije akakosa basi.

Kule alikoenda alipokelewa kama mfalme. Mtoto akawekwa kifuani pake, akapiga chafya, akalala. Keshokutwa alifurahi mpaka akakosa pa kuiweka furaha yenyewe. Ila simu alikuwa nayo mfuko wa shati, na ikitikisika kidogo tu anashtuka.

"Wewe umeleta mwili," mkewe akamwambia. "Roho umeiacha kwenye printa."

Siku moja asubuhi, mtoto amemlalia vile vile, simu ikaita. Ni mhasibu.

"Imegoma," akasema. "Ile ya usalama imeingia, na sasa haiioni printa."

Macho ya Keshokutwa yakakimbilia begi lake nyuma ya mlango. "Nakuja," akanong'ona. "Kuna basi la mchana."

"Nani amekuita? Iliyogoma ni hii yangu ya kuonja peke yake. Wenzangu nimewazuia wote, wanachapa ramani zao, bosi hana hata habari. Nimeirudisha ilivyokuwa jana, kama ulivyonifundisha, na mafundi wa programu wameshatoa nyingine ya kurekebisha hiyo. Ndiyo ninayoionja sasa hivi. Nimekupigia nikutambie tu."

Machozi yalimlengalenga Keshokutwa, mzee mzima. Akatazama kile kichwa kidogo chini ya kidevu chake, akaona kweli ana siku zote zilizobaki za kukitazama.

"Na wenzako wataipata lini?" akauliza, ilimradi sauti itoke.

Upande wa pili kikasikika kikombe kinawekwa mezani, taratibu.

"Keshokutwa," akasema mhasibu, akakata simu.

Mzee akacheka kimya kimya, tumbo zima likicheka, na mjukuu juu yake akawa anapanda na kushuka bila kuamka.